Bei ya Mkono

Mimi si mkunga. Mkunga ana mkasi, ana cheti ukutani,
ana glovu na sauti ya serikali.
Mimi nina mkono.
Nakanda kiuno kinapotaka kukatika,
nasema "pumua, mama," hata nikiambiwa ninyamaze,
nakaa mpaka kichanga kilie
na mtu mzima mle chumbani alie pia.

Hapa Uyole, ukungu ukiwa bado umelalia viazi
na malori ya Tunduma yakinguruma barabarani,
baba mmoja aliniuliza, kofia ya sufu imemfika machoni:
"Kushika mkono tu, laki nzima?
Mkono si hata mimi ninao?"
Unao, Ambilikile. Ulikuwa wapi usiku wa mtoto wa kwanza?
Akacheka. Akatoa elfu thelathini na gunia la viazi.

Miaka mitatu nilipokea hivyo.
Viazi, mikungu ya ndizi kutoka Kiwira, kuku mwenye kideri,
"Mungu atakulipa," "ndaga fijo,"
na ahadi za baada ya mavuno. Mavuno yapi, hawakusema.
Usiku juu ya bodaboda, sweta mbili, meno yanagongana;
asubuhi narudi nanuka spiriti,
Lusekelo wangu keshaenda shule bila uji.
Mwezi wa saba nikaanguka jikoni, mwiko mkononi.
Nesi akapima, akatikisa kichwa:
"Damu iko chini sana, dada. Wenzio unawapa nini?"

Ndipo nikanunua daftari. Jalada gumu, mistari ya bluu.
Nikaandika kama mwenye duka aandikavyo sukari:
boda ya mchana, boda ya usiku (hiyo ni mara mbili),
vocha, chai ya chupa, mafuta ya kukandia.
Siku mbili za kulala baada ya kila uzazi.
Hapo kalamu ikasita.
Usingizi nao unauzwa?
Nikauandika. Elfu ishirini.
Nikajumlisha, nikafuta, nikajumlisha tena.
Jumla ikanikodolea macho: laki moja na sabini.
Nikaona haya kama niliyevuliwa kanga sokoni.

Kina mama wanne kwa mwezi. Wa tano namwelekeza kwingine.
Asiye nazo alipe kidogo kidogo tangu mimba changa;
asiye nacho kabisa, nafasi moja kila msimu,
na hiyo siitangazi.
Wiki ya mwisho ya mwezi ni zamu ya Atuganile,
binti niliyemfundisha, viganja vipana, maneno machache.

Juzi, saa nane usiku, simu ikalia kwangu.
Ambilikile.
Mimba ya tatu, sauti imepasuka katikati:
"Mama Luse, anakuita wewe."
Ilikuwa wiki ya mwisho.
Mvua inapiga mabati, nyayo za Luse za baridi mgongoni mwangu.
Nikasema, Atuganile yuko njiani. Nikakata.

Sikulala.
Ule usingizi wa elfu ishirini
nilikwisha kulipwa na sikuutumia.
Mkono wangu chini ya mto ukafumba, ukafumbua,
ukafumba, ukafumbua,
ukihesabu uchungu usioufikia.

Alfajiri, ujumbe wa Atuganile:
"Wa kike. Kilo tatu na robo.
Alikutukana mara mbili, kisha akakusahau."
Nyuma yake pesa za Ambilikile, zote,
na elfu mbili ya juu, bila maelezo.

Nimefungua daftari.
Fungu la Atuganile. Boda. Chai.
Ile elfu mbili nimekosa safu ya kuiandikia,
nimeiacha pembeni, kwa penseli.
Luse yuko mlangoni, begi mgongoni, kiatu kimoja hakijafungwa.
Namwambia ngoja kwanza.
Uji bado wa moto.